Masafa ya Hisani

Mji wa Eldoret, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, umevuma duniani kwa miguu ya wanariadha wake, wala haukuvuma kwa magurudumu. Hata hivyo, asimamaye alfajiri kando ya barabara iendayo Iten huwaona, katikati ya wakimbiaji waliozoeleka, vijana walioinamia usukani wakinyonga baiskeli. Miongoni mwa waliotoka katika nyanda hizo za juu ni marehemu Suleiman Kangangi, aliyeshika nafasi ya tatu katika mashindano ya kuizunguka Rwanda mwaka 2017, akaitumikia timu ya Bike Aid ya Ujerumani, ambayo asili yake ni chama cha hisani, na akafariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka mashindanoni katika jimbo la Vermont, Marekani. Asili ya timu ile yatufikisha kwenye kadhia tunayoikusudia, nayo ni ada ya kuendesha baiskeli masafa marefu ili wagonjwa wapate tiba.

Asiyeizoea ada hii huuliza, naye ana haki ya kuuliza, vipi jasho la mtu mmoja barabarani litageuka dawa ya mwingine kitandani. Jawabu ni kwamba baiskeli yenyewe haizai hata senti. Mwendeshaji, kabla hajaondoka, huwaendea jamaa, majirani, wafanyakazi wenziwe na waumini wenziwe, akawaomba kila mmoja aahidi kiasi fulani kwa kila kilomita, au kiasi kimoja atakapowasili. Na hao waliobaki majumbani ndio watoao. Basi kazi kubwa ya msafara hufanyika kabla gurudumu halijazunguka, na mwendeshaji hodari asiyejua kuomba aweza kuvuka nchi nzima akarudi mikono mitupu. Watu humpa kwa kuwa amekwisha kujitwika taabu yeye mwenyewe kabla ya kuwataka wengine wafungue mikoba. Na sisi tuliolelewa katika harambee hatuhitaji kufundishwa siri hiyo. Na siku hizi, kwa M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyoanzishwa mwaka 2007, mchango wa mtu aliye Turbo na wa nduguye aliye Dubai huweza kufika kabla vumbi la msafara halijatua.

Mfano mashuhuri zaidi wa ada hii umo Marekani, ambako mwaka 1980 Billy Starr, aliyefiwa na mamaye kwa maradhi ya saratani, aliwakusanya waendeshaji 36 wakalivuka jimbo la Massachusetts, wakapata dola 10,200 kwa ajili ya taasisi ya saratani ya Dana-Farber iliyoko Boston. Msafara huo, uitwao Pan-Mass Challenge, haujakoma hadi leo, na jumla ya fedha zake imekwisha kupita dola bilioni moja. Lililouinua si wingi wa baiskeli peke yake, bali ni kanuni iliyowekwa wazi kwamba fedha zote wanazozikusanya waendeshaji huenda kwenye tiba na utafiti, ilhali gharama za msafara hulipwa kwa ada za kujiandikisha na kwa wafadhili.

Huku kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Nchini Tanzania, tangu mwaka 2002, mgodi wa dhahabu wa Geita pamoja na tume ya taifa ya kudhibiti UKIMWI wamekuwa wakiandaa msafara wa Kilimanjaro, ambamo wengine huupanda mlima na wengine huuzunguka kwa baiskeli, ili zipatikane fedha za kupambana na maradhi hayo. Na mbio za benki ya CRDB mjini Dar es Salaam, zilizoanza mwaka 2020, zimeambatanisha mashindano ya baiskeli, na mapato yake yamewasaidia watoto wenye maradhi ya moyo na akina mama wenye fistula. Kenya nayo ilimshuhudia, mwaka 2012, Zachary Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza kwa risasi za majambazi, akiondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu, akikisukuma kwa mikono yake kuelekea Afrika Kusini, ili taifa lichangie hospitali ya kuwatibu walioumia uti wa mgongo. Hakufika Afrika Kusini, wala kufika hakukuwa maana ya safari. Alilolitaka ni kwamba watu wamtazame barabarani kisha watie mikono mifukoni.

Eldoret, basi, ina sababu gani ya kubaki nyuma? Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi hupokea wagonjwa wa magharibi yote ya Kenya, na katika eneo lake imesimama hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa juhudi za mkimbiaji Toby Tanser na michango ya wakimbiaji na wahisani wa nchi nyingi. Mjini humo humo, hospitali ya Gynocare huwatibu wanawake wenye fistula, maradhi ambayo aghalabu huletwa na uchungu wa uzazi uliorefuka bila msaada wa tabibu, na ambayo huwafanya wengi wajifiche kwa haya hali upasuaji huweza kuwaponya. Ikiwa miguu ya wakimbiaji imejenga hospitali ya watoto, magurudumu nayo hayatashindwa kumlipia mama gharama ya upasuaji.

Lakini barabara zenyewe si za mzaha. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na ashikaye njia ya Nairobi, mwendo wa kilomita 300 na zaidi, hupanda Timboroa kupita mita 2,700, ambako hewa ni nyepesi na mvua ni baridi, kisha huteremka kuelekea Nakuru akiandamana na malori mazito. Ashikaye njia ya Iten huporomoka hadi bonde la Kerio, akatoka baridini akaingia jotoni kwa muda mfupi, naye akiisha kuvuka daraja la Chebloch hana budi kupanda tena hadi Kabarnet. Msafara wa watu wenye akili huwa na gari nyuma yake, fundi, muuguzi, maji na chakula. Na kunga waijuayo wazoefu ni kula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu, kwani mwili ukiisha kumaliza akiba yake, hata ari haiusogezi.

Fauka ya hayo yote ni amana. Atakaye kuandaa msafara na ataje mapema maradhi gani, hospitali gani na kiasi gani. Akaunti iwe ya watu zaidi ya mmoja. Gharama zitengwe mbali na sadaka. Na hesabu isomwe hadharani, risiti ya hospitali ikiwa mezani, kabla watu hawajasahau. Nawe msomaji, atakapokujia kijana na kofia yake ngumu akiomba ahadi yako, muulize hayo bila haya, na akikujibu sawasawa, usimwache aondoke mikono mitupu.