Chombo ni Matunzo: Hoja ya Kuithamini Ngalawa Inapouzwa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa muhogo na kwa jodari wa leo leo, methali hiyo haina ubishi. Kwa chombo cha baharini ina kasoro, kwa sababu chombo kibovu kinaweza kupakwa rangi asubuhi na kupata mnunuzi jioni, na chombo kizima kinaweza kulala dikoni msimu mzima kwa kuwa tu ni cha mbao na kina umri. Anayenunua huvutwa na kinachong'aa na kinachonguruma: rangi na mashine. Hoja ya makala hii ni kwamba thamani ya chombo imo katika matunzo yake kuliko katika umri wake au kitu kilichotumika kukiunda, na kwamba kisiwani Pemba, ambako ngalawa ingali inatia samaki chunguni, hakuna chombo kinachostahili kupimwa kwa kipimo hicho kuliko ngalawa.

Kwanza tuifahamu mali yenyewe. Ngalawa ni mtumbwi wa gogo moja, mara nyingi la mwembe, uliokatizwa kwa matengo mawili juu, na kwenye ncha za matengo hayo, huku na huku, ikafungwa mirengu ya mbao. Jahazi na mashua husimama kwa uzito, ndiyo maana huhitaji farumi tumboni zisipokuwa na shehena. Ngalawa haina farumi. Husimama kwa upana wake. Kanuni hiyo ndiyo inayotumiwa na trimarani, vyombo vya matanga vyenye mwili mmoja katikati na miwili pembeni, ambavyo leo huuzwa Ulaya na Marekani kwa bei kubwa. Tena ngalawa ina ufundi wake wa ziada. Mrengu wake si boya la mviringo, ni ubao uliolazwa mshazari. Upepo unapokilaza chombo upande wa demani, ubao huo huingia majini, na kwa mwendo wa chombo maji huusukuma juu. Kwa hiyo kadiri ngalawa inavyokimbia ndivyo inavyojiinua. Trimarani za mashindano za karne hii zimefungwa mabawa ya majini yanayofanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Ujuzi huu ni wa kale. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Erithrea, kinakitaja kisiwa cha Menouthias katika pwani hii, na kinasema watu wake walikuwa na vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja. Wataalamu wanabishana kama kisiwa hicho ni Pemba, Unguja au Mafia, lakini mtumbwi wa gogo haubishaniwi. Mirengu ya pande mbili nayo inatuunganisha na Komoro, Madagaska na visiwa vya Indonesia, kama alivyoeleza mtafiti wa vyombo James Hornell katika miaka ya 1940. Ufundi uliovuka Bahari ya Hindi na kudumu mpaka leo si wa kuonewa haya. Hata hivyo historia peke yake haimshawishi mnunuzi, naye hana kosa. Anataka kujua kama chombo kitamrudisha nyumbani.

Hapo ndipo soko la trimarani linapotufunza. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Arthur Piver alivuka Atlantiki kwa trimarani aliyoichora mwenyewe, kisha akauza michoro kwa watu wa kawaida waliojiundia vyombo kama hivyo kwa mbao za plaiwudi nyuma ya nyumba zao. Mwenzake Jim Brown akafuata kwa michoro ya Searunner. Vyombo vingi vya kizazi hicho vilioza zamani, lakini vipo vilivyofikisha nusu karne vingali vinauzwa kama vyombo vya kuvukia bahari kuu. Tofauti ya makundi hayo mawili haikuwa mbao, maana plaiwudi ni plaiwudi. Ilikuwa mwenyewe. Mnunuzi makini wa huko haanzi na rangi. Huita mkaguzi, na mkaguzi huenda moja kwa moja pale mihimili inapoungana na miili mitatu, kwa sababu hapo ndipo bahari hukivunja chombo cha namna hii. Kila wimbi hutaka kupeleka mwili mmoja huku na mwingine kule, na nguvu yote humalizikia kwenye maungio. Kisha huulizia daftari: chombo kilipandishwa lini nchi kavu, nini kilibadilishwa, na kwa mkono wa nani.

Ukaguzi huohuo unawezekana dikoni, iwe Tumbe, Wete au Mkoani, maji yakishakupwa na ngalawa imekaa mchangani. Mnunuzi aanze na tengo linapolala juu ya ukingo wa mtumbwi. Alegeze kamba kidogo aone chini yake, kwani kamba iliyolegea kwa miezi husaga mti ukabaki mfereji uliojificha chini ya fundo zuri. Achome ncha ya kisu pale. Mti mzima hukataa, uliooza hupokea. Atikise mrengu kwa mikono miwili. Kucheza kidogo ni sawa, maana kamba imekusudiwa kupokea pigo la wimbi, na anayeibadilisha kwa bolti za chuma akidhani ameimarisha huenda akakuta ufa unaanzia kwenye tundu la bolti. Lakini tengo likilia na kuhama mahali pake, bei ishuke au mnunuzi aondoke. Kisha aingize mkono kwenye ngama na kunusa maji yaliyotuama. Maji ya chumvi si adui mkubwa wa mbao. Ukungu unaoozesha mti hupenda maji baridi, yaani ya mvua. Ngalawa iliyoachwa wazi masika nzima bila kufunikwa makuti huoza kutoka ndani, na rangi ya nje haitasema lolote.

Kwa nje, adui ni yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao na kuishi ndani yake. Tundu lake la kuingilia ni dogo kama la sindano, na handaki lake ndani linaweza kufikia upana wa kidole. Dawa yake inajulikana pwani nzima tangu mababu: chombo kipandishwe, kikauke, kipitishwe moto wa makuti chini, kisha kipakwe shahamu na chokaa. Kazi hiyo si ya kufanywa mara moja kwa mwaka na kusahauliwa. Hurudiwa kila chombo kinapodai. Mnunuzi pia alitandaze tanga juani na kutazama mishono na pindo, aivute henza aone kama imechakaa mahali inapopita mlingotini, na aikague foromali pale ilipoungwa. Mtu akifanya haya yote kwa saa moja, atajua mengi kuhusu chombo kile kuliko atakayoambiwa na mwenyewe kwa siku nzima. Na muuzaji aliyetunza hana sababu ya kuogopa saa hiyo.

Sasa zije hoja za upande wa pili. Ya kwanza ni ya usalama: kwamba Mfereji wa Pemba una kina cha mamia ya mita na mkondo mkali, na kwamba ngalawa si chombo cha bahari kuu. Ni kweli. Hakuna anayemshauri mvuvi avuke kwenda Tanga kwa ngalawa Kusi linapovuma kwa hasira, na nahodha anayejua kazi yake hasubiri kushauriwa. Lakini ukweli huo haubomoi hoja, unaijenga. Mwaka 1969 Mwingereza Nigel Tetley alikuwa anakaribia kumaliza mashindano ya kuzunguka dunia peke yake kwa trimarani yake Victress. Mwili wa pembeni ulikwishachoka na kutiwa viraka, naye akaendelea kuusukuma akihofia mshindani aliyedhani yuko nyuma yake. Chombo kikavunjika karibu na visiwa vya Azores na kuzama. Mwaka 1989 trimarani nyingine, Rose-Noëlle ya New Zealand, ilipinduliwa na wimbi, lakini mwili wake ulikuwa mzima na haukuzama. Mabaharia wanne waliishi juu yake siku 119 wakielea, wakafika nchi kavu hai. Vyombo vya aina moja, hatima mbili. Uchakavu ulikizamisha chombo cha Tetley, uzima wa chombo ukawaokoa wale wanne.

Pemba nayo haihitaji kufundishwa na wageni juu ya misiba ya baharini. MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 ikielekea kisiwani ilikuwa meli ya chuma, yenye injini na karatasi zake. Ilibeba watu kupita kiasi, na watu zaidi ya 200 walithibitishwa kufa. Msiba ule unatuonya kwamba chuma, ukubwa na injini si kinga kwa chombo kinachotumiwa vibaya. Wapo wanaosema chombo cha kuzama hakina usukani, yaani yaliyoandikwa hayana kinga. Imani hiyo ina heshima yake, ila haijawahi kumwondolea mtu wajibu wa kukaza kamba kabla ya kutweka tanga.

Hoja ya pili ni ya maendeleo. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imeiweka sera ya uchumi wa buluu mbele tangu 2020, na boti za faiba zenye mashine zimegawiwa kwa wavuvi. Kwa nini basi mtu atumie fedha kwa ngalawa? Jibu si kuikataa faiba. Boti ya mashine hufika mbali, hurudi upesi na samaki hawajaharibika, na huweza kwenda kinyume cha upepo. Swali ni gharama ya kuiendesha na nani anaweza kuitengeneza. Mashine hula mafuta hata siku ya kukosa samaki, upepo haudai. Faiba ikipasuka huhitaji gundi maalumu kutoka dukani, na kipuri cha mashine huenda kikasubiri meli. Tengo la ngalawa likivunjika, fundi yuko mtaa wa pili na mti uko shambani. Kwa mvuvi wa mshipi na dema ndani ya miamba, hesabu hiyo ni nzito. Na hata aliyechagua faiba hajaikwepa hoja yetu, kwa kuwa boti ya faiba isiyotunzwa hufa mapema vilevile. Hata hizo zilizogawiwa zitaingia sokoni kama vyombo vilivyokwisha kutumika siku moja, na mnunuzi wake atahitaji jicho lilelile.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote: miti. Mwembe mkubwa wa kutoa gogo la ngalawa haupatikani kirahisi kisiwani, na kila mtumbwi mpya ni mti mmoja uliolala chini. Anayejali mazingira ana haki ya kuuliza kama ni busara kuisifu ngalawa. Lakini tazama hesabu inavyokwenda. Kama soko linalipa bei moja kwa ngalawa iliyotunzwa na iliyotelekezwa, mwenye ngalawa hana sababu ya kuitunza, na mti mwingine utakatwa mapema. Bei ikifuata matunzo, kila msimu unaoongezwa kwenye uhai wa mtumbwi wa zamani ni msimu ambao mwembe mwingine umebaki unazaa. Na siku magogo yatakapokwisha kabisa, ufundi wenyewe unaweza kuhamia kwenye kitu kingine. Fundi Ali Skanda na wenzake wa Lamu walilionyesha hilo walipounda Flipflopi, chombo cha plastiki zilizookotwa, kilichosafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar mwaka 2019. Ila ufundi huhama ukiwa hai tu, na ngalawa isiyo na soko humkosesha fundi kazi.

Hoja ya nne ni ya vitendo. Ngalawa haina daftari. Huuzwa mkono kwa mkono, kwa maneno na kwa kuaminiana, na matunzo hayaandikwi popote. Ni kweli, na ndiyo kasoro inayorekebishika kwa urahisi kuliko zote. Zanzibar ina Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2010, ina Mamlaka ya Usafiri Baharini, ina kamati za wavuvi katika shehia, na ina mabwana diko wanaoandika samaki wanaoshushwa. Mfumo wa kuandika upo tayari pwani. Kinachokosekana ni ukurasa wa chombo chenyewe: mwaka wa kuchongwa, fundi aliyekichonga, tarehe ya kupandishwa na kupakwa, kamba na tanga vilivyobadilishwa, na wenyewe waliotangulia. Daftari la shilingi chache likitiwa saini na mashahidi wawili wa dikoni litamlinda mnunuzi dhidi ya rangi mpya juu ya mti uliooza, na litamlipa muuzaji jasho la miaka. Wapo watakaohofia kwamba daftari litaleta kodi na usumbufu. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo daftari likae mikononi mwa mwenye chombo na kamati yake, liwe hati ya biashara kwanza kabla ya kuwa karatasi ya ofisi.

Basi wewe unayeuza, usianze na brashi ya rangi. Anza na kamba, ngama na pindo za tanga, kisha mwonyeshe mnunuzi ulichofanya na ulichoshindwa kufanya. Nawe unayenunua, usione aibu kuchoma kisu kwenye tengo la mtu. Unalipia uzima wako na wa watakaopanda nawe. Na kamati za wavuvi za Pemba zisisubiri agizo kutoka Unguja ili kufungua daftari la kwanza. Ngalawa iliyotunzwa ni mali, na mali hulipiwa bei yake.