Bustani ya Nyumbani, Shule ya Mpiga Picha

Nengo ni kitongoji cha Gisenyi, wilayani Rubavu, kando ya Ziwa Kivu. Askari apatapo kamera mpya mahali kama hapo, jambo la kwanza alifanyalo ni kwenda ufukweni kulipiga picha jua likitua upande wa Goma. Picha hupendeza, lakini hajajifunza kitu, maana kazi yote imefanywa na jua.

Ushahidi wa njia iliyo bora uko papo hapo Gisenyi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, Bibi Rosamond Carr, Mmarekani mkulima wa maua, aligeuza shamba lake la Mugongo kuwa makao ya yatima, yakaitwa Imbabazi. Kwa ajili ya vita vya mpakani makao yalihamishiwa mjini Gisenyi. Hapo ndipo mwaka 2000 mpiga picha David Jiranek alipowagawia watoto kamera za kutumiwa mara moja, zile zisizo na kitu cha kurekebisha. Wakapigana picha wao kwa wao, na mazingira ya makao yao. Picha zilisafishwa papo hapo nchini na kutundikwa ukutani ili wenyewe wazitazame. Mwaka 2001 zilionyeshwa Kigali, na baadaye picha ya uso iliyopigwa na mmoja wao ikapata tuzo ya kwanza katika mashindano huko Marekani. Wageni wengi walikuwa wameipiga picha Rwanda kabla yao; hawa waliyajua yale waliyoyapiga.

Basi, ndugu askari, anzia uani. Chagua ua moja, ulipige saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa sita mchana, na saa kumi na moja jioni. Gisenyi i karibu na Ikweta. Mchana jua husimama utosini, nalo humtia mtu vivuli vyeusi machoni kana kwamba amepigwa ngumi. Mpeleke chini ya mparachichi na uso utatulia. Mwenye kamera ya filamu ya kasi ya 100 akumbuke kanuni ya wazee: jua likiwa kali, tundu la 16 na 1/125 ya sekunde.

Udongo wa huko nao ni mwalimu. Mawe meusi ya volkano yakijaa katika picha hutoka ya kijivu, na shati jeupe kwenye kamba ya kuanikia hutoka limefifia. Kamera haijui weusi wala weupe; hukadiria kila kitu kuwa cha wastani. Kwa mawe punguza mwanga, kwa shati uongeze. Jambo hili ni gumu kuliaminisha kwa maneno, lakini dakika tano bustanini zatosha.

Kwa polisi haya si mchezo. Picha ya mahali pa tukio iliyopigwa vibaya yaweza kukataliwa mahakamani, na mahali penyewe hapatarudi kama palivyokuwa. Kabla ya kugusa chochote, hupigwa kwanza eneo zima, kisha kitu pamoja na vinavyokizunguka, kisha kitu chenyewe kwa karibu, mara moja bila rula na mara ya pili na rula kando yake.

Zoezi lake ni hili. Mwagia maji kipande cha bustani, ukanyage kwa buti, kisha uipige alama hiyo adhuhuri. Itaonekana bapa, haina meno. Ngoja jioni, au ulaze tochi karibu na ardhi ubavuni mwa alama, mwanga upite juu yake kwa mshazari. Kila jino la soli litatoa kivuli chake. Kamera iangalie chini wima, na rula ilale usawa mmoja na kina cha alama, si juu ya ukingo wake, la sivyo kipimo kitadanganya.