Kocha Aliyepita Mabwenini na Kengele

Sisi kocha wa timu ya chuo tunamjua: ana filimbi shingoni, na wiki ya mashindano anahangaika kutafuta basi. Marekani ni habari nyingine. Katika majimbo mengi kule, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, kumzidi hata gavana, ni kocha wa chuo. Na mpira wenyewe si huu wetu, ni ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai.

Ila kazi hiyo haikuanzia kwenye mamilioni. Mwaka 1941 Eddie Robinson, kijana wa miaka 22 tu, alikuwa kibarua kwenye kinu cha chakula cha mifugo mjini Baton Rouge, Louisiana, kwa senti 25 kwa saa. Ndipo akachukuliwa kuwa kocha mkuu wa chuo kidogo cha Weusi pale Grambling. Kocha mkuu wa nani sasa, maana msaidizi hakuwa naye! Nyasi za uwanja alikata mwenyewe, vifundo vya wachezaji alifunga mwenyewe, na habari za mechi aliandika yeye na kuzipeleka magazetini. Safarini alitengeneza sandwichi, kwa sababu migahawa mingi ya Kusini haikumhudumia mtu Mweusi.

Msimu wa kwanza alishinda mechi 3, akapoteza 5. Wa pili alishinda zote 9, na hakuna timu iliyopata hata pointi moja dhidi yake.

Siri ilikuwa nini? Ukweli ni kwamba sehemu yake ilitokana na ubaguzi wenyewe. Vyuo vikubwa vya Kusini havikuwataka vijana Weusi, kwa hiyo vipaji hivyo vikaishia kwa watu kama Robinson. Mwaka 1949 mchezaji wake Tank Younger aliingia Los Angeles Rams, wa kwanza kutoka chuo cha Weusi kucheza ligi ya kulipwa ya NFL. Zaidi ya 200 walimfuata. Vyuo vikubwa vilipofungua milango, ushindani wa kuwapata vijana haohao ukawa mkali. Haki ilikuja, na Grambling ikailipia.

Mimi lakini kinachonigusa zaidi ni kengele. Asubuhi Robinson alipita mabwenini akipiga kengele ya ng'ombe, kuwaamsha wachezaji waende darasani. Darasani, siyo mazoezini! Hapa kwetu wangapi wameiletea timu kombe, halafu wakadisko kimyakimya bila kocha hata kuuliza?

Mwaka 1985, mjini Dallas, alishinda mechi ya 324 na kumpita Bear Bryant wa Alabama, ambaye timu yake haikuchezesha Mweusi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwisho haukuwa mtamu: misimu yake mitatu ya mwisho alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda, na wapo waliotaka aondoke. Alistaafu 1997 akiwa na ushindi 408.

Kiti chake kilichukuliwa na mwanafunzi wake, Doug Williams. Huyu ndiye aliyekuwa Mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl akiwa kwotabeki, yaani mpanga mashambulizi, Januari 1988. Ni nafasi ambayo kwa miaka mingi walisema Mweusi hana akili ya kuicheza.