Dopamini na Figo ya Kupandikizwa: Kweli au Si Kweli?

Kihonda, mjini Morogoro, iko kwenye barabara ya Dodoma. Ukishika njia ya mashariki, takriban kilomita 190, unafika Dar es Salaam, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Novemba 2017. Ukishika ya magharibi, kilomita zipatazo 260, uko Dodoma, ambako Hospitali ya Benjamin Mkapa ilifuata Machi 2018. Kabla ya hapo safari ilikuwa ya India. Leo mgonjwa wa Kihonda anaweza kupandikizwa bila kuvuka mpaka, kisha akarudi nyumbani na kukutana na maneno ya mtaani kuhusu figo yake na dopamini, kemikali ya ujumbe mwilini. Tuyapime machache.

Dopamini hutengenezwa kwenye ubongo tu. SI KWELI.
Ubongo ndio ulioipa umaarufu: Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha kazi yake humo miaka ya 1950 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Lakini figo nayo hujitengenezea yake, na sehemu kubwa ya dopamini iliyomo kwenye mkojo hutoka hukohuko. Kazi yake humo ni kuzuia figo isirudishe chumvi nyingi kwenye damu, ili iliyozidi itoke na mkojo.

Figo iliyokatwa neva haiwezi tena kutengeneza dopamini. SI KWELI.
Dai hili lina mantiki, ndiyo maana linastahili jibu refu. Wakati wa kupandikiza, daktari huunga mshipa wa ateri, wa vena na mrija wa mkojo. Neva haziungwi. Mtu akijua kwamba dopamini ni mjumbe wa neva, atahitimisha kuwa figo mpya imenyamaza.

Ila figo haikuwa ikizitegemea neva kwa hilo. Damu huja na levodopa, malighafi ya dopamini, figo huichuja, na chembe za sehemu ya mwanzo ya mirija yake midogo huivuta ndani. Humo kimo kimeng'enya kinachoigeuza kuwa dopamini. Damu ikipita na chembe zikiwa hai, kazi inaendelea. Watafiti wa Porto, Ureno, ni miongoni mwa waliopima mkojo wa waliopandikizwa, na dopamini waliikuta. Figo inapochelewa kuamka baada ya upasuaji, hutoka kidogo. Figo ikipata nguvu, dopamini nayo hupanda. Kwa hiyo upungufu wake hutueleza hali ya mirija, si ya neva. Mimi naona huu ni uthibitisho mzuri wa uhodari wa kiungo hiki: kimehamishwa kutoka mwili mmoja hadi mwingine na bado kinajua kazi yake.

Dopamini ya figo ya ndugu yako itakubadili tabia. SI KWELI.
Dopamini iliyo nje ya ubongo haiwezi kupenya kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Hasira za kaka hazihami na figo yake.

Dripu ya dopamini hulinda figo. SI KWELI.
Madaktari waliamini hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2000 utafiti wa Australia na New Zealand, uliohusisha wagonjwa mahututi 328, ulionyesha kwamba dozi ndogo ya dopamini haikuzikinga figo zao zisishindwe kazi.

Mbegu za upupu zina malighafi ya dopamini. KWELI.
Upupu huuhuu unaowasha ngozi una levodopa kwenye mbegu zake. Lakini ukweli huu usimpeleke aliyepandikizwa kwa muuza dawa za asili. Levodopa inaweza kushusha presha na kuleta kichefuchefu. Zaidi ya hayo, maisha ya figo mpya yanategemea kiwango sahihi cha vidonge kama takrolimasi: kikishuka, mwili unaweza kuikataa figo, kikizidi, dawa yenyewe huiumiza. Mitishamba kadhaa huvuruga kiwango hicho, na hata balungi hukipandisha.

Ndugu uliyepandikizwa, na wewe unayemhudumia: usiache vidonge hata siku moja, usizidishe chumvi, na siku ya kliniki mtajie daktari kila unachomeza, hata kama kilichumwa milima ya Uluguru na mtu unayemwamini.