Baqt: Mapatano ya Misri na Ufalme wa Nubia

Neno baqt, ambalo wanahistoria wa Kiarabu walilitumia kuyataja mapatano kati ya Misri ya Kiislamu na ufalme wa Kikristo wa Makuria, halikuzaliwa katika Kiarabu. Asili yake ni pactum ya Kilatini, iliyopitia Kiyunani kabla ya kufika kwenye Nile. Kiswahili kilichukua sulhu na mkataba kutoka Kiarabu. Kiarabu nacho kilikuwa kimekopa.

Chanzo cha baqt ni vita. Mwaka 652 jeshi la Abdallah ibn Sa'd liliuzingira mji wa Dongola lisiweze kuutwaa, kwani wapiga mishale wa Nubia walisifika kwa kulenga mboni za macho. Kwa mujibu wa simulizi za baadaye, Nubia ilikubali kutoa watumwa 360 kila mwaka, na Misri ikatoa nafaka na nguo. Kuyaita hayo kodi ya aliyeshindwa ni kusahau kwamba vitu vilikwenda pande zote mbili.

Barua ya mwaka 758, iliyofukuliwa Qasr Ibrim mwaka 1972, yaonyesha mapatano hayo yakitenda kazi. Liwali wa Misri anamlalamikia mfalme kwamba watumwa wanaoletwa ni chongo, viwete, wazee na watoto, na kwamba wafanyabiashara wanadhulumiwa. Ni lugha ya mdai na mdaiwa. Watumwa wenyewe (jambo ambalo wasomaji wengi hulipita) hawana neno hata moja humo.

Chini ya usultani wa Wamamluki mizani ilielemea upande mmoja. Mwaka 1272 Mfalme Dawud alishambulia bandari ya Aidhab katika Bahari ya Shamu. Mwaka 1276 jeshi la Sultani Baybars likamng'oa, na jamaa yake Shakanda akatawazwa. Raia wake waliobaki Wakristo walitakiwa kulipa jizya ya dinari moja kwa kila mwanamume mzima. Shakanda aliapa utii kwa imani yake mwenyewe ya Kikristo, na hapo ndipo penye ujuzi wa makatibu wa Kairo: kiapo humfunga mtu kwa kile anachokiogopa.

Mwaka 1317 ukumbi wa kifalme wa Dongola uligeuzwa msikiti, na maandishi ya Kiarabu yakachongwa kulitangaza tendo hilo. Watu waliendelea kuswali humo hadi mwaka 1969.