Ukipanda milima ya Uluguru, mwili unafanya nini?

Mkulima anayeshuka na mkungu wa ndizi kutoka Kinole, au anayepandisha kiroba cha mbolea shambani Mgeta, anautumikisha mwili mzima kwa wakati mmoja. Tuangalie kazi hiyo inavyogawanywa.

Misuli ya miguu inahitaji chakula na hewa ya oksijeni. Chakula kimesagwa tumboni na kwenye utumbo, kikaingia kwenye damu kama sukari. Oksijeni inavutwa na mapafu, yenye mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa. Hapo damu inachukua oksijeni na kuacha hewa chafu, ambayo tunaitoa tukipumua.

Moyo ndio pampu. Mtu mzima akiwa amepumzika, moyo wake hudunda mara 60 hadi 100 kwa dakika na kusukuma takriban lita 5 za damu, yaani karibu damu yote aliyonayo. Kwenye mwinuko misuli inadai zaidi, hivyo moyo unaongeza kasi na mtu anahema. Kuhema huko si ugonjwa. Ukiketi kivulini dakika chache kunatulia.

Joto la kazi hutolewa na ngozi kwa njia ya jasho. Figo nazo huchuja damu usiku na mchana. Maji yakipungua mwilini, figo huyabana, ndiyo maana mkojo wa siku ya kazi nzito huwa kidogo na wa njano iliyokolea. Ukiona hivyo, kunywa maji safi pale pale, usingoje kufika nyumbani.

Shida huanza kiungo kimoja kinapoelemewa. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kila inapopimwa, moyo unasukuma damu kwa taabu. Miaka ikipita moyo huchoka, na figo huharibika. Mara nyingi mwenye presha hasikii chochote, kwa hiyo hata anayepanda mlima bila shida apime. Kipimo hakiumi.

Nenda zahanati ukianza kuishiwa pumzi kwenye njia uliyoizoea, ukishindwa kupumua vizuri unapolala chali, au miguu ikivimba. Usiseme ni uzee au uchovu wa shamba. Na kifua kikibana bila kuachia, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, tafuta usafiri wa hospitali saa hiyo hiyo. Usisubiri kukuche.