Mifupa ya Zimwi: Namna ya Kumchora Kiumbe Aliye Nusu Mtu, Nusu Mnyama

Katika hadithi mashuhuri ya Wasukuma, zimwi liitwalo Shing'weng'we liliwameza watu wote pamoja na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya makapi. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipokua alilisaka zimwi hilo, akaliua na kulipasua tumbo, nao waliomezwa wakatoka wakiwa hai. Katika kupasua huko kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja, naye akamkasirikia sana mkombozi wake.

Hadithi haituambii zimwi hilo lilikuwa na mbavu ngapi wala goti lake lilikunjwa upande gani. Msikilizaji huachiwa kazi ya kulichora akilini mwake. Lakini mchoraji wa vitabu vya watoto, au mchonga sanamu, hana budi kuamua. Je, afanye nini ili kiumbe asiyekuwapo aonekane kana kwamba angeweza kusimama, kutembea na kula?

Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia aliyeishi kati ya mwaka 1452 na 1519, alikwisha kulijibu swali hilo. Alishauri kwamba mnyama wa kubuni achorwe kwa viungo vya wanyama wa kweli, kwa kuwa jicho huamini kile linachokifahamu. Kwa mkazi wa Shinyanga, nchi ya wafugaji, wanyama hao hawako mbali.

Somo la buchani

Mtu akichunguza mguu wa nyuma wa mbuzi, hudhani kwamba goti lake limekunjwa kinyume na la binadamu. Dhana hiyo ni potofu. Kile kinachodhaniwa kuwa goti ni kisigino kilichoinuliwa juu ya ardhi; goti lenyewe liko karibu na tumbo, nalo hukunjwa kama la mtu. Mbuzi na ng'ombe hutembea juu ya ncha za vidole viwili, na kwato zao ni kucha zilizokua na kuwa ngumu. Fisi na simba hukanyaga kwa vidole, visigino vikiwa juu. Kwa hiyo mchoraji anayetaka kumpa mtu miguu ya mnyama haimpasi kuongeza kiungo kipya. Yampasa kurefusha mifupa ya wayo na kukiinua kisigino.

Bega nalo lina siri yake. Mchinjaji huutenga mkono wa mbele wa mbuzi kwa kisu tu, bila kuvunja mfupa wowote, kwa sababu mkono huo umeshikizwa kifuani kwa misuli peke yake. Mbuzi hana mtulinga, yaani ule mfupa wa mbele ya bega ambao kwa binadamu huunganisha bega na kidari. Mtulinga ndio unaoyaweka mabega yetu kando na kutuwezesha kutupa jiwe au kuinua jembe. Zimwi lenye kichwa cha fisi ambalo hubeba gunia begani ni lazima lipewe mtulinga na kifua kipana. Likikosa hivyo, mikono yake itaweza kwenda mbele na nyuma tu.

Kusimama wima

Ugumu mkubwa zaidi ni kusimama. Fuvu la binadamu limekaa juu ya uti wa mgongo, na tundu unamopita uti wa neva liko chini ya fuvu. Kwa mnyama wa miguu minne, tundu hilo limeelekea nyuma, na kichwa huning'inia mbele kikishikiliwa na misuli ya shingo, na mara nyingi na kano nene la ukosi pia. Kichwa cha simba kikipachikwa juu ya shingo nyembamba ya mtu kingemwangusha mwenye nacho. Mchoraji mwangalifu huinenepesha shingo na kuinua mifupa ya juu ya mgongo ili misuli hiyo ipate mahali pa kushika.

Fupanyonga la mtu ni fupi na pana mithili ya bakuli, ilhali la ng'ombe ni refu. Kiumbe atembeaye kwa miguu miwili atahitaji bakuli hilo na misuli mikubwa ya matako, au mkia mzito wa kusawazisha uzito wake.

Kuna viumbe ambao hata ufundi huu hauwasaidii. Wagiriki wa kale walisimulia habari za farasi mwenye kiwiliwili cha mtu mahali pa shingo. Mnyama wa namna hiyo ana viungo sita, ilhali wanyama wote wenye uti wa mgongo hawazidi jozi mbili za viungo, mpango waliourithi kutoka kwa samaki wa kale. Tena angekuwa na vifua viwili, na meno ya mtu yangelazimika kulisha tumbo la farasi. Galen, tabibu wa karne ya 2, aliikataa habari hiyo. Kabla yake, mshairi wa Kirumi Lucretius alionyesha kwamba farasi hupevuka akiwa na miaka 3, wakati mtoto wa binadamu wa umri huo bado ni mchanga.

Elimu ya urithi imekamilisha hoja hiyo. Chembe ya mwili wa mtu kwa kawaida ina kromosomu 46. Ya ng'ombe ina 60. Farasi mwenye 64 na punda mwenye 62 huzaa nyumbu wa kufugwa, lakini huyo kwa kawaida hazai. Mtu na ng'ombe, ambao nasaba zao zilitengana zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita, hawawezi kuzaa chochote. Nusu mtu huishi katika hadithi na katika karatasi tu.

Mtu asiyetambuliwa kuwa mtu

Ukweli huu una uzito wa pekee katika ukanda wa Shinyanga na Geita, kwani huko wako watu waliohesabiwa kuwa nusu watu. Imani ilienezwa kwamba mwenye ualbino ni mzimu, kwamba hafi bali hutoweka, na kwamba viungo vyake huvuta dhahabu. Watu waliuawa kwa sababu hiyo, watoto wakiwamo. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto wa kiume mwenye ualbino. Watoto wengine walihifadhiwa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga.

Mchoraji akiombwa kuchora mifupa ya mtu mwenye ualbino, hatabadili hata mstari mmoja. Mtu mzima huyo ana mifupa 206 kama jirani yake. Amerithi kutoka kwa baba na mama jeni zisizotengeneza vya kutosha rangi iitwayo melanini. Tofauti ya ndani iko katika njia ya macho: nyuzi nyingi zaidi za neva ya jicho huvukia upande wa pili wa ubongo, na uoni wake ni hafifu. Dhahabu ya Geita, kwa upande wake, iliwekwa na maji ya moto katika nyufa za miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, kabla ya kuwapo mfupa wowote duniani.

Bibi vizee nao waliteseka. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake, na Usukuma ndiko kulikoathirika zaidi. Macho mekundu yalidhaniwa kuwa alama ya mchawi, kumbe mara nyingi wekundu huo ulitokana na moshi wa kuni na wa samadi kavu katika jiko lisilo na dirisha.

Mwalimu wa shule ya msingi aweza kuyafundisha haya yote kwa kazi mbili. Kwanza, wanafunzi wakusanye mifupa ya mbuzi, waisafishe, kisha wamchore Shing'weng'we wao kwa kuifuata. Pili, wachore mifupa ya mwenzao aketiye dawati la mbele, mwenye kofia pana ya kumkinga na jua, na waoneshe kwa kalamu ni wapi panapotofautiana na yao.